Majimoto na Mashua Sita

Alhamisi, 2 Mei

Mvua imeanza, nami nimepewa mgeni.

Asubuhi Kapteni Yalley aliniita ofisini. Nilidhani ni habari ya mnara, maana tangu tufunge mitambo mipya ya redio amekuwa akinisifu mbele za watu mpaka naona haya.

"Luteni Eshun," akasema, "tumeletewa mtaalamu. Anataka kutufundisha jinsi ya kufanya kazi mashua zikiwa zimetawanyika. Utamtunza wewe."

"Mtaalamu wa silaha, afande?"

"Wa wadudu."

Sikucheka kwa sababu yeye hakucheka.

Alasiri nikamwona mwenyewe. Daktari Dzifa Kpodo, mama wa miaka hamsini na ushee, mfupi, viatu vya mpira vyenye matope na mkoba uliojaa vichupa. Alinisalimu kwa Kifante chenye lafudhi ya Kiewe, kisha hata kiti hakukitazama. "Mwanangu, michungwa ya karibu iko wapi?"

Ijumaa, 3 Mei

Nimemwonyesha chumba cha uongozi, fahari yangu. Nikamweleza: mashua sita za doria, manahodha sita, na wote wanasikiliza sauti moja tu, yangu, nikisema yale Kapteni anayoamuru. Hakuna anayegeuza usukani bila kibali. Akasikiliza kwa adabu, miwani imeshuka puani.

"Na ukipaliwa?"

"Nikipaliwa vipi, Daktari?"

"Unakula kenke, donge zima la unga wa mahindi, inakukaba, sauti inakatika. Hizo mashua sita zinafanya nini?"

"Redio ikikatika zinarudi kituoni. Ndiyo amri ya kudumu."

"Zote sita?"

"Zote."

Akaandika kwenye kijitabu chake. Sijui kwa nini jambo hilo limeniudhi mchana kutwa.

Jumatatu, 6 Mei

Mvua. Mabaharia wanamwita Daktari Bibi Sisimizi. Mimi ndiye niliyeanza, Mungu anisamehe.

Alhamisi, 9 Mei

Leo nimeona kitu na sijui nikiandike vipi.

Daktari alinipeleka kwenye michungwa iliyo nyuma ya kituo, kule mabaharia wanakokataa kuchuma kwa sababu ya majimoto, wale sisimizi wakali wa mitini. Mvua ilikuwa imekata kidogo na majani yanametameta. Akanisimamisha mbele ya tawi moja, akaniambia, "Usiniulize kitu. Tazama."

Nikatazama. Majimoto wekundu wametawanyika kwenye kingo za majani, kila mmoja ameuma ukingo anavuta peke yake. Vurugu tupu. Huyu anavuta huku, yule anavuta kule, jani halitikisiki. Nikajisemea kwamba kumbe hata wao wanahitaji redio.

Kisha jimoto mmoja, sijui kwa bahati gani, akafanikiwa kulisogeza jani lake kwa upana wa unywele. Tu. Wawili waliokuwa karibu wakaacha walichokuwa wakivuta wakaja kwake. Jani likajikunja zaidi. Wakaja watano. Wakaja kumi. Waliokuwa wamehangaika bure kwenye kingo nyingine wakaacha, wakajiunga. Pengo kati ya jani na jani lilikuwa pana kuliko mwili wa mmoja wao, basi mmoja akamshika mwenzake kiunoni, na mwingine akamshika huyo, na mwingine tena, mpaka wakawa mnyororo wa viumbe hai unaoning'inia hewani, na mwisho wa mnyororo ukalidaka jani la pili. Wakavuta. Majani mawili yakaja pamoja kama viganja vya mtu anayeomba dua.

Wengine wakaja wamebeba mabuu yao mdomoni, watoto wao wenyewe, wakiwagusisha ukingo huu na ule, na kila buu akatoa uzi wa hariri. Wakashona. Nimesimama pale, shingo imekakamaa, nimeumwa mara nne, na sikutaka kuondoka.

"Nani ameamuru?" nikamuuliza hatimaye.

"Ndilo swali nililolitafutia jibu miaka ishirini na sita," akasema Daktari. "Malkia yuko mti wa tatu kule, ndani ya jani, gizani. Hajui hata kama tawi hili lipo. Kiota hiki nikikikata sasa hivi, vingine arobaini havitasimama kuuliza."

"Lakini lazima awepo mmoja anayeona picha nzima."

"Hakuna, mwanangu. Kila mmoja anamwona jirani yake. Basi."

Jumatano, 15 Mei

Zoezi. Daktari alimwomba Kapteni dakika ishirini bila redio. Kapteni akakubali kwa dharau. Tagi ya bandarini, ile inayovuta meli, ndiyo iliyojifanya meli ya wezi wa mafuta, mashua sita zikitakiwa kuizingira. Saa nne kamili nikazima mitambo kwa mkono wangu.

Afadhali nisingeona. Tatu ziligeuka papo hapo kurudi nyumbani, kama amri inavyosema. Mbili zilikaribia kugongana. Iliyobaki, ya kijana wetu, Luteni-usu Okaitei, ilisimama tu katikati ya ghuba ikielea kama kifuu cha nazi, mwenyewe akiita kwenye redio iliyokufa: "Kituo, Kituo, nifanye nini? Kituo!" Ile tagi ikapita katikati yao polepole. Mabaharia wake walikuwa sitahani wakila wali na maharage, wakatupungia vijiko.

Kapteni aliwaita manahodha vichwa vya samaki. Hawakuwa wajinga jana. Tumewafundisha wenyewe kwamba bila sauti yangu wao si kitu.

Alhamisi, 16 Mei

Nimemwomba Daktari radhi kwa lile jina. "Jina gani?" akasema. "Bibi Sisimizi? Mwanangu, wanafunzi wangu wananiita hivyo tangu enzi zile. Nilidhani umewauliza."

Jumanne, 21 Mei

Jumanne, siku ambayo kwa mila wavuvi hawaendi baharini, pwani kimya. Nimekaa na Mzee Bentum gatini.

Sijaandika habari zake vya kutosha. Kwamena Bentum ni nahodha wa mashua ya sita, sajini wa majini, miaka hamsini na minne, amekula chumvi tangu mimi sijazaliwa. Kapteni ameshaamua kwamba kuanzia Julai atahamishiwa ghalani akahesabu makoti ya mvua hadi astaafu. Siku zote nilimwona kama mzee msumbufu anayeipuuza redio yangu. Siku ile ya zoezi mashua yake ilikuwa moja ya zile tatu zilizorudi. Nikamuuliza kwa nini, yeye mwenye uzoefu wote ule.

"Kwa sababu niliambiwa nirudi, binti yangu. Mimi si mwasi."

"Lakini ulijua ni kosa."

"Nilijua." Akatema mate majini. "Wakati naanza kazi, redio ilikuwa kwenye mashua moja tu, na hiyo nayo ilikuwa inakoroma kama babu yangu. Tulikuwa tunafanyaje? Kabla ya kutoka, manahodha wote tunakula sahani moja. Mkubwa anasema: leo nataka hiki. Haambii mtu ageuke kulia saa ngapi. Anasema anataka nini. Tunabishana, tunarushiana maneno, tunaelewana. Tukishatoka, kila mmoja ana macho yake na bendera zake."

"Na mkipotezana?"

"Hupotezani na mtu ambaye humwondolei macho."

Nilimtazama. Hajawahi kukanyaga kwenye ile michungwa.

Alhamisi, 23 Mei

Nimewakutanisha. Kosa kubwa, hawanyamazi.

Daktari alimpeleka Mzee Bentum kwenye mti wa mwisho wa shamba, unaopakana na eneo la majimoto wengine, maadui. Akamwonyesha viota vidogo vilivyochakaa mpakani. "Hawa humu ndani," akamwambia, "ni vikongwe. Vijana wanabaki katikati wanalea watoto. Jimoto akizeeka anahamia huku ukingoni, na adui akija, ni hawa wanaotangulia."

Mzee Bentum aliinama muda mrefu, mikono magotini.

"Yaani hawa," akasema, "vita wanapeleka bibi zao?"

"Bibi zao hasa. Wote ni majike."

"Hebu mwiteni Kapteni aone! Mimi ananipeleka ghalani!" Alicheka mpaka jimoto mmoja akamwuma kope.

Ijumaa, 24 Mei

Jicho la Mzee Bentum limevimba. Hataki kwenda zahanati. Eti ni salamu za wakongwe wenzake.

Jumatano, 29 Mei

Siku tano sasa tunakaa sisi watatu kwenye meza ya bwalo, na jana Okaitei amejiunga. Ni mtu wa kabila la Ga kutoka Jamestown, miaka ishirini na mitano, bado ana aibu ya siku ile. Tumebishana mpaka mpishi akatufukuza. Mwishowe yamebaki mambo matatu, Daktari akiyapima kwa majimoto, Mzee Bentum kwa bahari.

La kwanza, kabla ya kutoka kila nahodha ajue kinachotakiwa, si njia ya kukifikia. La pili, usimwondolee macho jirani yako, walau mmoja. La tatu, ukimwona jirani amepata, mwendee. Ukikuta wameshatosha, pita uende kwa asiye na mtu.

"Hayo tu?" akauliza Okaitei.

"Yakizidi, redio itarudi kwa mlango wa nyuma," akasema Daktari.

"Na kama jirani yangu ni mjinga?"

"Basi wewe ni jirani wa nani?" akamjibu Mzee Bentum. "Mwenzio naye analalamika hivyohivyo."

Jumapili, 2 Juni

Kanisani. Mvua kubwa, paa linavuja juu ya wanakwaya, wakaimba hivyohivyo.

Jumatano, 5 Juni

Zoezi la pili. Wiki nzima tumewafundisha manahodha wote yale mambo matatu. Nilizima mitambo na kusimama roshanini nyuma ya Kapteni.

Redio ilipokufa, kwa muda mfupi hakuna kilichotokea. Kisha mashua moja ikaiona tagi, ikageuka. Ya pili ikaiona ya kwanza, nayo ikageuka. Zikasambaa kisha zikakaza, bila kelele, kama mkono unaofumba. Tagi ikajaribu kuchepuka kusini, tayari kuna mtu. Ikarudi kaskazini, kuna mtu. Dakika kumi na moja. Hakuna vijiko vilivyopungwa leo.

Niligeuka kumtazama Kapteni nikitarajia furaha. Uso wake ulikuwa umesawijika.

"Nani alimwambia Bentum akae kusini?"

"Hakuna, afande. Aliona hakuna mtu kusini."

"Nimekuuliza nani alimwambia."

Alhamisi, 6 Juni

Kapteni amekataa. Nimesimama wima mbele ya meza yake nusu saa.

Nilidhani ana kiburi. Huenda anacho, lakini leo nimeona jambo jingine. Aliniambia kwamba alipokuwa luteni, mahali ambapo hakupataja, nahodha mmoja alifanya alivyoona yeye, akafyatulia risasi mtumbwi wa watu waliokuwa wakirudi msibani. "Watu wanne," akasema. "Nikaenda mimi kwa mama yao. Si yule nahodha, mimi. Nikaapa kwamba chini yangu hakuna mtu atakayetenda jambo nisilolijua. Zoezi si bahari, Luteni. Amri ya kudumu inabaki. Redio ikikatika, wanarudi."

Nilipiga saluti.

Jumatatu, 10 Juni

Nimewasomea manahodha amri. Mzee Bentum alisema, "Sawa, afande," kama mtu anayepokea kikombe cha maji.

Alhamisi, 13 Juni

Mvua.

Ijumaa, 14 Juni

Mvua. Daktari anahesabu viota. Vimeongezeka vitatu.

Alhamisi, 20 Juni

Kuanzia tarehe mosi Julai bahari inafungwa mwezi mzima ili samaki wazaane. Wavuvi wamepagawa, wanataka kujaza kabla ya kufungwa. Alfajiri nimehesabu mitumbwi zaidi ya arobaini ikitoka, bendera zake za rangi zote zinapepea. Wanawake wa sokoni wanaita majina ya waume zao ufukweni, wanawatania walete samaki, si hadithi.

Jumatano, 26 Juni

Nitaandika kwa mpangilio kadiri niwezavyo.

Jana ilikuwa Jumanne, hakuna aliyevua, hivyo leo wametoka wote. Mashua zetu sita nazo zilikuwa nje, doria ya kawaida, zimepangana kuanzia mdomo wa ghuba hadi mbali ukingoni alikokuwa Mzee Bentum. Saa tatu na nusu mashariki kukawa na ukuta mweusi. Si wingu, ni ukuta, na chini yake bahari imekuwa nyeupe. Kapteni akasema, "Waambie warudi." Nikashika maikrofoni.

Radi ilipiga mnara.

Sikumbuki mlio. Nakumbuka nimekaa sakafuni, harufu ya waya zilizoungua, taa zote zimezimika, na Kapteni akinishika mabega midomo inacheza bila sauti. Masikio yaliporudi nilisikia mvua tu. Redio za mkononi zilikwaruza na ngurumo. Simu hazikushika mtandao. Sauti yangu ile moja ilikuwa imekufa.

Tukatoka roshanini. Tulikuwa hatuoni hata gati. Kapteni akatazama saa yake.

"Redio imekatika saa nne kasorobo," akasema. "Wa karibu atafika saa nne. Wa mbali saa nne na nusu."

Tukangoja. Saa nne hakuna. Saa nne na robo hakuna. Upepo uling'oa mabati ya ghala, yakapita mbele yetu kama karatasi. Saa nne na nusu hakuna. Kule ufukweni wanawake walikuwa wamesimama kwenye mvua, hawaiti mtu sasa, wamesimama tu.

"Wamekufa," akasema Kapteni, "au wameasi." Kisha, taratibu, bila kunitazama: "Kama wewe ni mtu wa kusali, Luteni, sali wawe wameasi."

Nilisali. Na huku nasali najua kwamba ni mimi niliyekaa nao mezani siku zile. Kama wamekufa huko, wamekufa kwa maneno matatu niliyoyaandika kwa mkono wangu.

Saa tano na dakika kumi mvua ikainuka, kama mtu anayekunja pazia. Kapteni alikuwa na darubini. Akaiweka machoni, akakaa nayo bila kupumua. Kisha akaninyooshea.

Mitumbwi ilikuwa imesambaa ghubani kote, mingine imepinduka matumbo juu, vichwa vya watu kando yake kama maboya. Na mashua zetu zilikuwa katikati yao. Hazikuwa zimejipanga kwa mpangilio wowote ninaoujua. Moja ilisimama kwenye mtumbwi uliopinduka ikivuta watu, ya pili ikaja kuisaidia, ya tatu ikaja, ikaona wametosha, ikapita bila kupunguza mwendo kwenda kwa mwingine aliyekuwa peke yake. Baharia mmoja alikuwa juu ya paa la chumba cha usukani anapunga bendera kumwelekea jirani, na jirani anampungia mwingine. Wavuvi nao wakashika: mitumbwi iliyobaki mizima ilianza kuiga mashua, wakirushiana kamba, mtumbwi kwa mtumbwi, mpaka ikawa minyororo mirefu ya vyombo na watu iliyonyooka kutoka kule mbali hadi majini shwari, kila mmoja amemshika aliye mbele yake, na mnyororo mzima unavutwa nyumbani.

Nililia. Si kwa huzuni, wala nisingeiita furaha. Nilikuwa nimekiona kitu kilekile kwenye tawi la mchungwa, kidogo kuliko kidole changu, na sasa kiko mbele yangu kimejaza bahari.

"Hakuna anayeongoza," akasema Kapteni. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliye msibani, au msikitini.

"Hakuna, afande."

Saa saba mashua zilikuwa zimefunga gati. Watu sitini na wawili wametolewa majini, na mitumbwi iliyobaki imefika salama. Wavuvi watatu wa nyumba moja wameonekana wakizama na hawakupatikana. Mama yao alikuwa ufukweni. Kapteni alishuka mwenyewe akakaa naye mchangani, na sare yake nyeupe, kwenye matope.

Mashua ni tano. Mzee Bentum hajarudi.

Alhamisi, 27 Juni

Okaitei ndiye aliyemwona mwisho, karibu saa nne na nusu. Anasema Mzee alikuwa nje kuliko wote, amejaza wavuvi mpaka mashua imekaa chini, na bado anaelekea nje zaidi, kwa mtumbwi mwingine. "Nilimpungia arudi," anasema. "Akanipungia niende kwa waliokuwa nyuma yangu. Nikaenda." Amelia mbele ya mabaharia wake, hakujificha.

Tumetafuta mchana kutwa. Daktari amekaa na mimi chumba cha uongozi, kwenye viti vya mitambo iliyokufa, hasemi habari za majimoto. Nilimuuliza: wale vikongwe wa mpakani, wangapi hurudi?

"Usiniulize hivyo," akasema. "Wale ni wadudu. Huyu ni Kwamena."

Ijumaa, 28 Juni

Kutafuta. Bahari tulivu mno, kama haijafanya kitu.

Kapteni hali chakula. Nimemkuta amesimama mbele ya orodha ya wanaohamia ghalani. Hakujua nipo mlangoni.

Jioni, saa kumi na moja, simu yangu ikalia, namba nisiyoijua. Sauti ya mwanamke, nyuma yake kelele za soko.

"Ninyi ndio wanamaji?"

"Ndiyo, mama. Wewe ni nani?"

"Mimi nauza samaki hapa Komenda. Mmepoteza mzee mmoja?"

Nilisimama, kiti kikaanguka.

"Nini kimeanguka? Mzee mwenye jicho kali, analalamika sana. Wanetu wamemkuta anaelea, mtambo umeingia maji, amefunga shati lake kwenye kasia. Ana watu ishirini na watatu, wote wazima. Tumewapa kenke, anasema haina chumvi. Namba hii katupa yeye, njooni mumchukue!"

Nimeshuka ngazi mbio, viatu mkononi. Nilipomwambia Kapteni, alishika fremu ya mlango, akakaa sakafuni pale pale kwenye kizingiti kama mtoto.

Jumatatu, 1 Julai

Bahari imefungwa. Mitumbwi imepandishwa mchangani. Mazishi ya wale ndugu watatu yatakuwa Jumamosi. Bahari iliwaleta jana.

Leo ilikuwa siku ya uchunguzi. Manahodha sita wamevunja amri ya kudumu, na ripoti ina mstari unaouliza jina la aliyetoa amri ya kubaki baharini. Walikaa kwenye benchi moja, Mzee Bentum mwisho, midomo imepasuka kwa chumvi. Mimi nilikuwa nimejiandaa. Nilimwambia Kapteni mapema kwamba jina ni langu, aliandike.

"Kaa chini, Luteni. Wewe ulikuwa sakafuni umezibwa masikio."

Akaanza kuwauliza mmoja mmoja. Nahodha wa kwanza alisema, "Nilianza kurudi, afande. Nikamwona wa pili hakugeuka, nikamfuata." Wa pili akasema alimwona wa tatu amesimamia mtumbwi. Wa tatu alimfuata wa nne. Wa nne alimfuata Okaitei. Kapteni anaandika, anachora mshale kutoka jina hadi jina.

"Okaitei. Wewe ulimfuata nani?"

"Mzee Bentum, afande. Alikuwa haendi nyumbani. Nikajua kuna kitu anakiona."

Kapteni akaweka kalamu tayari. Chumba kizima kikajua tumefika kwa aliyeanza. Akamgeukia mzee.

"Basi ni wewe."

"Mimi, afande?" Mzee Bentum alishangaa kweli. "Mimi nilishageuka. Nilikuwa narudi nyumbani, si uliamuru? Kabla mvua haijatufunga nikamwona huyu wa kwanza, yuko mbali kabisa mdomoni mwa ghuba, ameshikilia mtumbwi. Nikasema, kama yule aliye mlangoni pa nyumba yake hajaingia, mimi naingiaje?"

Kapteni alitazama karatasi yake. Mshale wa mwisho ulikuwa umerudi kwenye jina la kwanza. Alizungusha kidole juu ya ule mduara, mara moja, mara ya pili, kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. Nikamwona anabadilika usoni, ule ugumu wa siku zote unalegea, na chini yake kuna mshangao uleule ulionishika mimi kwenye michungwa.

Aliuacha mstari ule mtupu. Chini yake akatia sahihi yake.

"Daktari," akasema, kwa maana Daktari Dzifa alikuwa kona ya chumba na mkoba wake. "Yule malkia wao. Anajua kwamba hawamhitaji?"

"Wanamhitaji sana, Kapteni. Bila yeye hakuna anayezaliwa. Ila hawamhitaji kwa amri."

Kapteni alifunika kalamu yake.

"Basi kazi yangu ni kuwazaa."

"Afande," akasema Mzee Bentum, "mimi nimekuzidi miaka kumi na miwili. Mimi utanizaaje?"

Benchi zima likaangua kicheko, Okaitei akashika mbavu, na Kapteni Yalley, ambaye miaka miwili nimekaa naye sijawahi kuona meno yake, alicheka mpaka akavua miwani akafuta macho.